Chumba Kimoja Juu ya Kiwanda cha Kitani

Tulitoka Bokoli alfajiri, mimi nikisukuma baiskeli na mke wangu akitembea nyuma, mkono wake mmoja ukishikilia cherehani isianguke. Tulikuwa hatujamaliza hata miezi miwili tangu tuoane. Cherehani ilikuwa ya mkono, ya kushonea maturubai, nzito kama jiwe la kusagia, na kamba nilizoifungia kwenye karia zililegea kila baada ya maili moja au mbili. Tulipita Misikhu watu wakipanga bidhaa sokoni. Mwuza ndizi mmoja akatuuliza kama tunakwenda kuzika mbwa, kwa jinsi kile kitu kilivyokuwa kimeviringishwa ndani ya gunia.

"Ni mahari yangu," mke wangu akamjibu. "Amenirudishia, ati niisindikize mwenyewe."

Wanawake wote wa upande ule wa soko wakacheka. Mimi pia nilicheka. Nilijiona nimeoa mtu ambaye barabara haitamshinda.

Mto wa Kamukuywa ulikuwa umejaa, tukakaa kando yake nusu siku nzima tukingoja maji yapungue. Tulilala Kiminini kwa mwalimu mmoja wa kanisa. Siku ya pili mvua ilitupata tukiwa kati ya mashamba ya masetla, mahindi kulia na mahindi kushoto, hakuna mti wa kujificha, tukafunika cherehani kwa shuka yetu na sisi wenyewe tukalowa. Tuliingia Kitale miguu ikiwa myekundu kwa matope mpaka magotini.

Mimi nilikuwa nimezoea safari. Nilisoma skuli ya misheni hadi darasa ambalo wenzangu wengi hawakulifikia, na kila mtu nyumbani alitegemea nitakuwa karani au mwalimu. Vita vikanichukua. Jeshini wakanifundisha kushona mahema, na kwa sababu mahema yanachanika popote, nilipelekwa popote. Vita vilipokwisha nilifanya kazi Kampala, nikahamia Jinja, kisha Kisumu, kisha Kampala tena. Sikuwahi kumaliza mwaka mahali pamoja. Nikifika mji mpya nafurahi, na mji huo ukianza kunijua kwa sura, naanza kuukumbuka ule nilioutoka. Nilidhani ndoa itaniponya.

Nyuma ya stesheni ya Kitale kulikuwa na mtaa ambao viwanda vyake vilikuwa vimekufa. Miaka ya nyuma masetla walilima kitani, wakajenga kinu cha kukichakata, wakajenga maghala kando ya reli, na karakana ya magari ya kukokotwa na ng'ombe. Bei ya kitani ikaanguka, mashine zikauzwa, na malori yakaua magari ya ng'ombe. Nilipofika mimi kulikuwa na mabati yenye kutu na kuta ndefu zisizo na mtu. Kinu chenyewe kilikuwa kimenunuliwa na Mhindi mmoja aliyeweka mahindi chini. Ghorofa ya juu, ambapo zamani walianika kitani, ilikuwa tupu.

Alitupandisha kwa ngazi ya chuma iliyo nje ya ukuta, imesimama wima karibu kama ngazi ya mnazi. Juu kulikuwa na chumba kimoja tu, lakini chumba gani! Ungeweza kutandaza turubai zima la lori na bado ukabaki na nafasi ya kulizunguka. Sakafu ya mbao ilikuwa laini kwa sababu nyuzi za kitani ziliburutwa juu yake miaka mingi. Madirisha yalikuwa pande zote mbili, na kuelekea Mlima Elgon palikuwa na mlango mpana usio na ngazi wala kizingiti, wa kupandishia mizigo, na juu yake boriti yenye kapi na mnyororo.

"Hapa wewe fanya kazi, hapa wewe lala," yule Mhindi akasema. "Ofisi ya mji nitaandikia wewe mlinzi yangu. Mlinzi iko na ruhusa kulala."

Mwafrika hakuruhusiwa kulala mjini nje ya lokesheni, mtaa tuliotengewa sisi, ila kwa cheti kama hicho. Basi nikawa mlinzi kwa karatasi, na fundi wa maturubai kwa mikono. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Mke wangu alizunguka chumba mara moja. Akagusa kuta. Akatazama kona ambayo tayari nilikuwa nimeitengea kitanda, akatazama katikati ambapo ningefanyia kazi.

"Mama akija atakaa wapi?" akauliza.

Inafaa niseme jambo hili kwa wasomaji ambao si wa kwetu. Kwetu sisi, mama mkwe na mume wa binti yake huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawapeani mikono. Wakikutana njiani, mmoja hujiweka kando. Mama mkwe hawezi kuingia nyumba ambamo mkwewe analala akakiona kitanda chake, na wala hawezi kukaa chini ya paa moja na kitanda hicho. Ndiyo maana mtu akioa hujitahidi kuwa na nyumba nyingine, hata kibanda tu, ambamo mama atafikia, atapika na kulala. Na mtoto wa kwanza akikaribia kuzaliwa, ni mama huyo anayekuja kumkanda binti yake na kumwogesha mtoto.

"Nitatafuta chumba lokesheni," nikamwambia. "Kabla hatujapata mtoto."

Nilisema kweli. Yaani, siku ile nilikusudia kweli.

Sitaki kuficha kwamba miaka miwili ya kwanza pale ilikuwa mizuri kwangu. Niliamka na kazi ikiwa hatua tatu kutoka kitandani. Masetla walileta maturubai ya malori, vifuniko vya mashine za kupura mahindi, mahema ya kwenda kuwinda Cherang'any. Nilikaa sakafuni na sindano ndefu, kipande cha ngozi kimefungwa kiganjani cha kusukumia sindano, na mke wangu akikaa upande wa pili wa turubai akinivutia uzi. Tulizungumza kutwa. Chini, wapagazi wa ghala walipakia mahindi kwenye mabehewa wakiimba nyimbo za matusi, na mke wangu akijifanya hasikii. Kwa mara ya kwanza maishani sikuwa ninakumbuka mji mwingine.

Ni yeye aliyekuwa anakumbuka. Kila mtu aliyetoka Bokoli na kupita sokoni alimpa salamu za mama yake, na salamu zilikuwa zile zile: mama anauliza kama nyumba imepatikana. Yeye alijibu kwamba inatafutwa. Ili niipate, ilinibidi nikajiandikishe kwa karani wa lokesheni na kurudisha kile cheti cha ulinzi, na kulala huko, chumba cha matofali chenye dirisha moja, kisha asubuhi nitembee kuja kazini kama watu wengine. Nilikwenda mara mbili mpaka mlangoni pa ofisi ile. Mara ya kwanza nilikuta foleni ndefu nikarudi. Mara ya pili hakukuwa na foleni, nikarudi vilevile.

Mke wangu akapata mimba. Akaacha kuniuliza, na mimi nikachukua kunyamaza kwake kuwa ni subira.

Mtoto hakungoja miezi yake. Walimpasua mke wangu hospitalini, mtoto akatoka amekwisha kufa, msichana. Baada ya siku kumi na mbili wakamruhusu arudi nyumbani, alale chali, asibebe kitu, asipinde mwili mpaka mshono ukauke. Nilimpandisha ile ngazi mgongoni. Hakupiga kelele, lakini nilipomlaza kitandani niliona damu kwenye nguo, na daktari msaidizi aliyekuja kumtazama akaniambia wazi kwamba nikimpandisha au kumteremsha tena namna ile nitamwua.

Nikatuma habari Bokoli. Halafu nikafanya jambo ambalo mpaka leo likinijia nikiwa peke yangu naona aibu. Nilichukua turubai kubwa kuliko yote niliyokuwa nayo, nikalishona macho ya shaba ya kupitishia kamba, nikalitundika toka boriti za paa mpaka sakafuni, ukuta hadi ukuta. Upande mmoja kitanda changu, upande wa pili kitanda cha mgonjwa. Nikajisifu. Nikamwambia mke wangu, "Sasa ni nyumba mbili. Mama atakaa na wewe huku, na mimi sitavuka."

Alilitazama turubai lile muda mrefu.

"Mwonyeshe wewe mwenyewe," akasema.

Mama mkwe alifika na lori la mahindi, yeye na shemeji yake mmoja mwanamume aliyemsindikiza. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kanga ya kanisa kichwani, amebeba kikapu chenye dawa za kukanda na nguo ndogo za mtoto, kwa maana habari aliyoipata ilikuwa ya kuzaa tu, haikusema mtoto amekufa. Nilisimama mbali, nimempa mgongo kama inavyotakiwa, nikamwambia habari hiyo nikitazama reli. Nikasikia kikapu kikiwekwa chini.

"Binti yangu yuko wapi?"

"Juu, Mama. Lakini nimekata nyumba mara mbili. Nimeweka ukuta."

"Ukuta wa nini?"

"Wa turubai."

Kisha shemeji yake akauliza kwa niaba yake, kana kwamba mimi na mama tulikuwa kila mtu ng'ambo yake ya mto, "Mkwe, paa ni ngapi?"

"Ni moja."

"Basi ni nyumba moja."

Nilimwambia mama mkwe akae ghalani chini. Akauliza kitanda changu kiko upande gani wa juu. Nikamwonyesha. Akasema hawezi kukaa chini ya kitanda cha mkwewe, hata kuwe na magunia elfu kati yao. Nikasema mgonjwa hawezi kushuka. Nikasema Mungu haangalii mambo haya. Nikasema, na sauti yangu ilikuwa imepanda, kwamba tuko mjini na huku ni Kitale, si Bokoli.

"Mimi ndiyo niko Bokoli," akasema mama mkwe, moja kwa moja, bila kumpitia shemeji yake. "Popote nikikaa niko Bokoli."

Akaenda akakaa nje, juani, kwenye changarawe ya reli, chini ya ule mlango wa mizigo. Nilipanda nikasogeza kitanda cha mke wangu mpaka karibu na mlango. Basi wakaanza kuzungumza, mmoja juu na mmoja chini, hawaonani.

"Mama!"

"Nakusikia! Umekula?"

"Uji!"

"Uji wa nini?"

"Wa mtama!"

"Nani amekusagia? Usiniambie ni yeye!"

Walizungumza hivyo siku tatu, usiku mama akilala kwa mjane mmoja wa kanisa kule lokesheni na asubuhi akirudi kwenye changarawe yake. Alimwelekeza binti yake namna ya kujikanda kifua maziwa yakauke. Mambo kama hayo yanasemwa mdomo kwenye sikio, lakini wao waliyasema kwa sauti ya kuitana ng'ambo ya bonde, na wapagazi wote wakisikia. Siku ya kwanza wapagazi walitania. "Leo redio ya Mhindi imeharibika, inapiga Kibukusu tupu," mmoja akasema. Mwingine akanyoosha shingo akapaza sauti, "Mama, muulize basi kama huko mbinguni kuna tumbaku!" Siku ya pili hakuna aliyetania. Siku ya tatu mke wangu alikuwa na homa na sauti yake haikufika chini, na mama mkwe akawa anaita, ananyamaza, anaita tena.

Mnyapara wa wapagazi, mtu mzima aliyekuwa amevunjika meno ya mbele, akapanda ngazi akanikuta nimekaa.

"Wewe bwana ni fundi ama si fundi?" akaniuliza. "Hiki kitu kiliteremsha marobota miaka kumi. Itashindwa na mwanamke mgonjwa?"

Alikuwa anaonyesha kapi. Na mimi, niliyeshona mahema ya jeshi zima, sikuwa nimefikiri.

Niliteremsha lile turubai nililolitundika kuwa ukuta. Nikalikata, nikalishona likawa kama machela, mbao mbili pembeni, kamba nne kwenye pembe zikikutana kwenye ndoano. Nilishona tangu asubuhi mpaka saa nane, nikirudia kila mshono mara mbili. Mke wangu alinitazama muda wote huo. Mara moja tu alisema, "Uzi huo ni wa nta?" kwa kuwa alijua kazi. Nikamwambia ni wa nta.

Wapagazi sita wakashika mnyororo. Mnyapara akawakataza kuimba, halafu akaona hawawezi kuvuta pamoja bila wimbo, akawaambia basi waimbe ule wa kanisani. Nilimwinua nikamlaza kwenye turubai, nikamsukuma taratibu mpaka akawa nje ya mlango, juu ya hewa, na mlima ukiwa nyuma yake. Hakufumba macho. Akashuka polepole kama mzigo ulioandikwa 'usivunjwe', na alipokuwa karibu kufika chini nikaona mikono ya mama yake ikiinuka kumpokea. Kisha nikarudi nyuma ili nisimtazame mama mkwe. Nilichosikia kilikuwa ni mama yule akisema jina la utotoni la mke wangu, ambalo mimi nilikuwa silijui.

Jioni hiyo akapelekwa kwa yule mjane. Nilifikiri akipata nafuu atapanda tena. Baada ya wiki moja, mshono ukiwa mkavu, shemeji yake mama akaja akaniambia wanampeleka Bokoli akamalizie kupona.

Niliwasindikiza kwa gari moshi. Hawakukaa nami behewa moja. Nilipanda la nyuma. Kila stesheni niliteremka nikatembea mpaka kwenye dirisha lake, na yeye alikuwa ananitazama mpaka filimbi ilipopigwa. Stesheni ya mwisho kabla hawajashuka nilimwuliza atarudi lini.

"Siku ukiwa na nyumba ambayo mama anaingia," akasema. Hakusema kwa hasira. "Sitapanda tena ile ngazi. Wewe unaweza kuja kuniita kukiwa na nyumba."

Nilirudi Kitale nikaenda ofisi ya lokesheni kesho yake asubuhi. Nikaandikwa. Wakaniambia vyumba vimejaa, ningoje. Nilingoja msimu mzima wa mahindi, na sasa kila nilipoulizia nilikuta foleni, na nilisimama mpaka mwisho wake. Nilitaka vyumba viwili, kila kimoja na mlango wake. Kwa kuwa ndivyo vilivyokuwa haba, nilingoja zaidi. Katikati ya kungoja, setla mmoja wa Cherang'any akaniita nikamtengenezee mahema, nikakaa kule wiki tano.

Niliporudi, jina langu lilikuwa limefikiwa. Nilipata vyumba viwili vilivyopakana, milango miwili, mapaa yake yametenganishwa na ukuta wa matofali uliopanda mpaka juu. Nilipaka chokaa mwenyewe. Katika kile cha mama niliweka kitanda kipya, mkeka na jiko. Kisha nikaenda Bokoli bila kutuma habari, kwa sababu nilitaka kuiona sura ya mke wangu wakati nikimwambia.

Nilipokaribia boma lao nikafanya kama desturi, nikasimama mbali chini ya mgomba nikikohoa, ili mama mkwe ajue nipo aingie ndani. Nilikohoa mara tatu. Akatoka mke wangu. Alikuwa amenenepa, amepona. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa.

"Usijisumbue kukohoa," akasema. "Hayupo wa kujificha."

Kaburi lilikuwa upande wa chini wa nyumba, udongo bado mbichi. Mama mkwe alikuwa ameugua siku nne tu, kifua. Walimtuma mtu Kitale kuniita. Alifika kinu cha kitani akakuta kufuli, akawauliza wapagazi, wakamwambia niko Cherang'any na hawajui kwa setla gani. Mkwe wa kwanza wa boma lile hakuonekana mazikoni. Ng'ombe ambaye mkwe humleta siku hiyo hakuletwa. Nililijua hilo kabla hajaniambia, kwa jinsi wanaume waliokuwa barazani walivyokaa bila kunyanyuka.

Nilimwambia hivyo hivyo, kwa kuwa sikuwa na kitu kingine nilichokuja nacho. Nilimwambia vyumba ni viwili. Nilimwambia milango inatazama upande gani.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na hicho cha pili," akasema, "sasa ni cha nani?"

Nikasema ni chetu. Nikasema mengi. Akaniambia kwa upole kwamba anajua mimi si mtu mbaya, na kwamba siku tatu zile alipokuwa analala karibu na mlango wa mizigo, akimsikia mama yake chini na asimwone, alifika mahali fulani moyoni mwake ambapo hakurudi tena. Hakuniomba niondoke. Alinipikia. Nilikula peke yangu nje, na jua lilipopungua nikashika barabara.

Vyumba vya lokesheni niliviachia watu wengine waliokuwa kwenye foleni. Sikulala humo hata siku moja. Nilirudi juu ya kinu nikaendelea kushona, lakini kazi haikwenda. Nilikuwa natandaza turubai, nakaa upande wangu, na upande wa pili hakuna anayevuta uzi. Chumba ambacho nilikipenda kwa ukubwa wake kikawa kikubwa kupita kiasi. Hata hivyo nilikaa miezi minane zaidi. Sijui nilikuwa nangoja nini. Safari hii, mtu ambaye maisha yake yote alikuwa mwepesi kuondoka, alishindwa kuondoka.

Siku niliyoondoka ilikuwa Jumatatu. Yule Mhindi alikuwa amekwisha kupata mpangaji mwingine, fundi wa viatu kutoka upande wa Kiambu, kijana, na mke wake. Walikuja asubuhi nikiwa bado nafunga vitu vyangu. Mwanamke alikwenda moja kwa moja kwenye madirisha, akacheka kwa mwanga uliokuwa unaingia, akapima kwa hatua mahali pa kuweka meza ya kazi na mahali pa kuweka kitanda. Mume akanitazama kwa fahari, kama mtu anayeonyesha mwenzake kitu alichokipata.

"Hapa mzee, mtu anaweza kuishi kabisa, si ndiyo?" akaniuliza.

Nilitaka kumwambia. Nilikuwa na maneno yote tayari mdomoni. Lakini mke wake alikuwa anasikiliza, na kwao huenda desturi ni nyingine, na mimi nilikuwa nani?

"Paa linavuja," nikamwambia. "Pale, kwenye pembe ya kushoto. Msiweke ngozi zenu pale."

Akanishukuru. Nilishika mzigo wangu, nikateremka, na gari moshi la saa nne likanichukua.